Pua ya Kuazima

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na anayekaa upande wa matofali ndiye husema sana, kwa sababu hatikisiki. Limeegemea ukuta wa kibanda cha marashi, pale njia mbili zinapokutana, na mbele yake ndipo ninapoweka jiko langu la mkaa. Mimi nauza kahawa. Jina nililopewa na wazazi wamelisahau wote, wananiita Birika. Wateja wangu wa kudumu ni watatu. Breki ni dereva wa malori aliyestaafu. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake hauna. Nusu Kitabu anauza vitabu na magazeti ya zamani, yale yaliyochanika ambayo wenye maduka huyanunua kufungia bidhaa. Husoma kila kitu kabla hakijauzwa, na kwa kuwa kurasa nyingi hazipo, ana elimu kubwa isiyo na mwisho wa habari yoyote. Wa tatu ni mwenye kibanda chenyewe, mchanganya marashi, ambaye mtaa mzima unamwita Pua. Zamani mtu akipita nyuma yake, Pua alimsalimia kwa jina bila kugeuka. Siku hizi alikuwa ameuacha mchezo huo, nasi tukadhani ni utu uzima.

Asubuhi hiyo alikuja mwanamke mmoja mwenye viatu vya kulia ngo, ngo, msimamizi wa ile hoteli mpya ya ghorofa iliyo mwisho wa barabara. Hakukaa.

— Nataka harufu ya mlangoni, alimwambia Pua. Mgeni akiingia, kabla hajaliona zulia wala hajaambiwa karibu, ajue ameingia mahali pa kifalme.

— Mfalme wa wapi, dada yangu?

— Kwani wana tofauti?

— Kubwa. Wapo walionukia na wapo walionuka.

Mwanamke akacheka.

— Mimi nipe wa kunukia. Nitapita alasiri. Ukinipatia ninachokitaka, hoteli nzima ni yako, vyumba hadi ngazi.

— Utakikuta, alisema Pua, kama mtu anayeagizwa kiberiti.

Akaingia kibandani, akatoka na sinia la vichupa, akaliweka katikati ya benchi. Ndani kulikuwa na joto, alisema. Breki akasogea kulipisha lile sinia bila kuondoka kwenye matofali.

— Mfalme, alianza Breki hata hajaulizwa, ananukia ngozi mpya na mafuta ya mashine. Nimewahi kubeba kiti cha mfalme kwenye lori langu.

— Cha mfalme yupi? aliuliza Nusu Kitabu.

— Wa mchezo wa kuigiza. Lakini kiti ni kiti.

— Breki, hapa tunazungumza historia. Misri ya mafarao, hekaluni walifukiza mara tatu kwa siku. Asubuhi ubani, adhuhuri manemane, jua likizama mchanganyiko wao maalumu: asali, zabibu, mvinyo na utomvu wa miti. Na kwenye karamu, wamechorwa ukutani kabisa, kila mgeni ana bonge la mafuta ya kunukia kichwani. Linayeyuka polepole, linateremka shingoni.

— Mafuta kichwani? Na lile jua la kwao?

— Ndivyo walivyochorwa.

— Basi siri imefichuka. Breki alipiga goti lake kofi. Watu wanashangaa kwa nini maiti zao hazikuoza. Zingeozaje? Walikuwa wamekwisha kukaangwa wakingali hai!

Nilimwaga kahawa nje ya kikombe kwa kicheko. Pua naye alicheka, huku akipanga vichupa vyake kwa vidole vyepesi, kimoja baada ya kingine, kama anayepanga watoto kwa urefu.

— Uchina ya kale, aliendelea Nusu Kitabu, mtumishi wa serikali hakumsogelea mfalme kuzungumza naye mpaka aweke karafuu mdomoni, asimpulizie pumzi mbaya.

— Hapo sasa umesema! Ndiyo maana utawala wao ulidumu. Mtu mwenye karafuu mdomoni hasemi upuuzi mrefu.

— Nawe tukuwekee gunia, nikamwambia.

— Birika, wewe mimina. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na ndiyo maana manukato hayapakwi kwenye nguo, yanapakwa shingoni.

— Methali hiyo haihusiani kabisa, alisema Nusu Kitabu. Iliyo karibu ni ile ya chema chajiuza.

— Na kibaya?

— Sijui. Ukurasa ulichanikia hapo.

Kisha akatupeleka Roma, kwa kaisari aliyekuwa na chumba cha kulia chenye dari la pembe za ndovu, na mabomba ndani ya dari, wageni wakila wananyunyiziwa marashi kutoka juu. Akatupeleka Ugiriki, kwa tajiri aliyewalowesha njiwa, kila njiwa na manukato yake, akawaachia wapige mabawa juu ya vichwa vya walioalikwa.

— Ikawaje? nikauliza.

— Ukurasa uliofuata ulifungiwa karanga.

— Mimi najua ilikuwaje, alisema Breki. Njiwa ni njiwa. Hao wageni walirudi makwao wakiwa na zaidi ya manukato.

Kuanzia hapo akashika usukani moja kwa moja, na hakuna aliyeweza kumteremsha. Alituambia kwamba kiti cha enzi kiliinuliwa juu kwa ngazi si kwa heshima, ila kwa sababu wafalme wa nchi za baridi waliogopa kuoga, na harufu yao ilibidi ipite juu ya vichwa vya watu. Kwamba walinzi wa mfalme walikuwa vipofu wote, wanamjua bwana wao kwa kunusa, na siku mfalme alipobadilisha marashi wakamkamata. Kwamba vita vikubwa kuliko vyote, ambavyo hakuvitaja jina, vilianzia kwenye karamu ya amani.

— Mfalme mmoja alimsogelea mwenzake, akamwambia kwa upole kabisa, unanukia. Mkalimani alikuwa amechoka. Akaiacha ile *i*.

Tukaangua kicheko mpaka benchi likalia. Hata muuza mboga mmoja aliyekuwa akipita na mkokoteni alisimama akacheka bila kujua kisa.

Pua akasubiri tunyamaze. Alikuwa na namna yake ya kusubiri, kiganja juu ya vichupa kama anayetuliza ndege.

— Nyinyi mnasema wafalme, alisema. Mimi nitawaambia habari za mchanganyaji. Kule Babeli kuna kibao cha udongo kimeandikwa jina la mwanamke, msimamizi wa jumba la mfalme, anachemsha maua na utomvu kwenye maji, anachuja, anarudisha jikoni, anachuja tena. Mikono yangu hii inafanya kazi yake mpaka leo. Kitu gani kilimwambia kwamba sasa basi, imetosha? Hakukuwa na saa wala kipimo. Alikuwa na pua. Pua ndiyo inayokwambia kabla jicho halijaona. Mtu wa marashi yuko mbele ya watu wengine kwa pumzi moja...

Alisema hayo akiwa amesimama mbele ya benchi, amelipa jiko langu mgongo. Na nyuma ya kiwiko chake kitambaa changu cha kushikia birika kilikuwa kimeteleza kutoka kwenye msumari kikaangukia ukingo wa jiko. Pamba ikiungua hainong'oni. Mimi nilikuwa ng'ambo ya njia namhudumia mteja, harufu ikanifikia nikageuka. Breki, mwisho kabisa wa benchi, akaruka kutoka kwenye matofali yake. Nusu Kitabu akafunika pua kwa gazeti. Pua peke yake, ambaye moshi ule ulikuwa unampanda begani, aliendelea kutueleza jinsi pua inavyokwambia kabla jicho halijaona.

Nilikikanyaga kitambaa. Breki akamwaga maji. Pua aligeuka aliposikia maji yakichemka juu ya mkaa, akakitazama kile kitambaa cheusi, na kwa namna alivyokitazama nilijua kwamba ndipo anapopata habari.

— Pua, Nusu Kitabu alimwita polepole, hukusikia harufu?

— Nilikuwa nazungumza.

— Mtu hazungumzi kwa pua.

Breki akachukua kichupa kimoja kwenye sinia, akafunika kibandiko chake kwa kidole gumba, akakifungua na kumsogezea.

— Hiki ni nini?

Pua hakukitazama kichupa. Alikitazama kidole gumba cha Breki, na alikitazama muda mrefu.

— Sisikii, alisema.

— Husikii nini?

— Chochote. Tangu yale mafua ya msimu wa baridi. Mafua yakaondoka, yakaondoka nayo. Mwanzo nilidhani itarudi. Kila asubuhi naamka navuta mto wa mke wangu kabla sijafungua macho. Ni kama kuvuta maji.

Nami, Mungu anisamehe, mtu ana msiba nikamuuliza habari zangu.

— Na kahawa yangu je?

— Moto na uchungu, Birika. Ndiyo iliyobaki. Nimekuwa nikikusifu kwa kumbukumbu.

— Lakini watu wananunua kwako kila siku, alisema Nusu Kitabu.

— Wananunua nilichokuwa nikichanganya tangu zamani. Mkono unajua njia, kama punda wa maji. Lakini kitu kipya siwezi. Juzi mwalimu mmoja alinirudishia kichupa, akasema kimemtia aibu mbele ya wazazi. Nikamwambia ni joto.

— Shemeji anajua?

— Hajui. Na asijue! Alishika sinia kwa mikono miwili. Yule mwanamke aliolewa na pua. Nilikuwa namwambia alikopita mchana kutwa kabla hajavua viatu. Nitamwambia nini sasa? Kwamba imebaki ya kuwekea miwani?

Akaliinua sinia alirudishe kibandani, akisema kwamba yule dada wa hoteli akija atamwambia kazi imemshinda, ahangaike kwingine. Alisema kwa utulivu, na utulivu wake ulinikera kuliko kama angelia.

Breki akakaa upya kwenye matofali.

— Weka sinia chini.

— Breki...

— Weka chini. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tulimgeukia wote. Kwa miaka ambayo nimemsikia akitoa methali, ile ilikuwa ya kwanza kuangukia mahali pake, na nadhani ilimshtua hata yeye.

— Pua tunazo tatu hapa, aliendelea haraka kabla hatujamcheka, zimekaa bure tangu zizaliwe. Chukua. Tumia.

— Yako ni ya dizeli, alisema Nusu Kitabu.

— Dizeli nayo ni harufu! Mimi nilikuwa najua injini inayokaribia kuharibika kabla haijatoa moshi.

Pua alitutazama mmoja mmoja. Niliona kitu kikimrudia usoni, si furaha, ila ile hali ya fundi anapoletewa kazi iliyoharibiwa na wengine.

— Sawa, alisema. Lakini kwa masharti yangu. Asiniambie mtu hii nzuri, hii mbaya. Uzuri wenu siutaki. Niambieni inapita wapi. Inakufikia puani, kooni, au kifuani? Inakuja kwa kukimbia au kwa kutembea? Ikiondoka inaacha nini? Na wafalme wenu wakae pembeni.

Akatuosha mikono kwa sabuni kama wagonjwa. Akakata vipande vya karatasi nyeupe, akachovya, akampa kila mtu chake. Mimi akanikataza kunusa kahawa, akalisogeza jiko langu mpaka upande wa pili wa njia. Wateja wakawa wanajihudumia wenyewe.

— Hii inanipiga hapa juu ya macho, alisema Nusu Kitabu, kisha inakimbia.

— Inakuja kama lori tupu, alisema Breki. Kelele nyingi, ukigeuka limeshapita.

— Machungwa yamezidi, Pua alijibu, akamwaga. Breki, umenena vizuri. Hii je?

— Hii... Breki alivuta tena. Hii ni mtu amekaa kiti cha mbele, hasemi, lakini unajua yupo.

— Udi. Umekaa wapi?

— Kifuani, nikasema mimi. Kama chumba kilichofungwa siku nyingi na mwenyewe hakutaka kifunguliwe.

— Tone moja limezidi, alisema Pua, na akaanza upya.

Alifanya kazi kama sijawahi kumwona akifanya alipokuwa mzima. Alishika mrija wa kioo juu ya mwanga, akihesabu tone kwa macho. Alipaka mafuta kwenye mkono wa Breki, akayatazama yanavyotambaa juu ya ngozi, akamuuliza kama yanapasha au yanapoza. Alituuliza jambo lile lile mara tatu kwa maneno tofauti, na tukijikanganya alijua. Mara moja Breki aliomba sana aachiwe achanganye yeye, mafarao na makaisari na Uchina yote katika kichupa kimoja. Pua akamruhusu. Breki akatia kila kilichokuwa kwenye sinia, akatikisa, akafungua kwa fahari. Yule muuza mboga, aliyekuwa akirudi na mkokoteni wake, alivuka akapita upande wa pili.

— Huyo hajazoea utawala, alisema Breki.

— Hii unaijua sasa, Pua alimwambia. Wote wamo, na wote wanapiga kelele. Tukitaka kusikia, tunaondoa.

Akaanza kichupa kipya, akaondoa mdalasini. Akaondoa yasmini, ambayo Nusu Kitabu aliipigania kwa sababu ya malkia fulani aliyekuwa hajamaliza kumsoma. Akabakiza ubani, waridi kidogo, udi ule wa kiti cha mbele, na karafuu kwa kiasi cha kugusisha tu ncha ya sindano. Akachovya karatasi, akampa Breki kwanza.

Breki akavuta. Akaishusha karatasi. Akaipandisha tena. Tulingoja atwambie habari za lori.

— Unasikia nini? aliuliza Pua.

— Nasikia... Niacheni kwanza.

Na akanyamaza. Breki alinyamaza, akiwa amekaa kwenye matofali, mchana kweupe, bila mtu kumziba mdomo. Nusu Kitabu alinusa, akaivua miwani yake. Mimi nilinusa nikamkumbuka mama yangu akifungua sanduku la nguo za kutokea, kitu ambacho sikuwa nimekikumbuka tangu utoto, lakini sikusema, kwa sababu hayo hakutuuliza.

Pua yeye hakuwa anaitazama karatasi. Alikuwa anatazama nyuso zetu, moja, mbili, tatu. Kisha akafunga kizibo.

— Ndiyo hiyo, alisema, kwa sauti ile ile ya asubuhi.

Ngo, ngo, ngo. Yule dada wa hoteli alifika alasiri kama alivyoahidi. Safari hii alikaa, kwa kuwa Breki alisimama ghafla kumpisha. Alinusa mara moja, akakunja uso.

— Haina nguvu. Nilidhani ya kifalme itanipokea kwa tarumbeta.

Nilimwona Nusu Kitabu akifungua mdomo, nikamkanyaga.

— Mwenye kupiga tarumbeta ni anayeutaka ufalme, dada yangu, alisema Pua. Aliyenao anakaa kimya, watu wanamtafuta. Nusa tena, usiifuate. Iache ikufuate.

Akanusa tena. Safari hii alikawia.

— Mlango wangu una upepo lakini.

— Usiiweke juu. Iweke chini, karibu na sakafu, nyuma ya mlango. Ni mafuta mazito. Watu wakiingia na joto lao, itapanda nao. Asubuhi hakuna wageni, itakuwa kimya. Jioni ukumbi ukijaa, ndipo utaisikia.

Aliuliza maswali mengine mawili, yote ya mtu anayejua anachokitaka, na Pua akamjibu yote bila kumeza mate. Mwishowe yule dada akaifunga karatasi ile katika leso yake, akaitia mkobani.

— Nitengenezee ya mlangoni kwanza, kisha ya ngazi. Na kila ya chumba uje uione mwenyewe. Sitaki mtu mwingine.

Viatu vyake havijafika kona, Breki akamkumbatia Pua mpaka sinia likatikisika. Tulishangilia kama watoto. Nusu Kitabu alisema wahenga hawakukosea, umoja ni nguvu, akasita, akasema hii anaijua mpaka mwisho, utengano ni udhaifu. Nikarudisha jiko mahali pake na kuwamiminia wote. Pua alikunywa kikombe chake cha moto na uchungu, akasema ni nzuri, nasi tukacheka kwa kuwa tulijua.

— Kuanzia leo, Breki alitangaza, sisi ni pua yako. Asubuhi na jioni. Hakuna mtu duniani atakayejua.

— Hakuna, tukaitikia.

— Asalaam, jamani, ikasema sauti ya mwanamke.

Alikuwa mke wa Pua. Shemeji yetu anapiga pasi kwenye duka la dobi, na kwa kawaida hupita upande wa pili wa njia, anatupungia mkono na kwenda zake, kwa sababu benchi letu si la wanawake na mazungumzo yake ndiyo kabisa. Siku hiyo alikuwa amevuka. Alikuwa amesimama mbele ya mumewe, mikono juu ya mkoba, amechoka na kazi.

— Karibu, shemeji, tukasema, tukasimama wote.

— Sikai. Nina swali moja tu. Akamtazama mumewe. Mume wangu, mimi leo nanukia nini?

Nimesikia maswali mengi kwenye benchi hilo. Nimesikia watu wakijibu habari za mafarao ambao hawakuwaona, njiwa ambao hawakuwashika, vita ambavyo havikutokea. Lile halikuwa na jibu. Mwenye haki ya kumnusa hakuwa na pua, na wenye pua hatukuwa na haki. Utamsogeleaje mke wa mwenzio umnuse shingo? Na pale tulipokuwa, mkaa, kahawa na marashi ya mchana kutwa vilikuwa vimeziba harufu nyingine zote. Breki aliinua macho akatazama nyaya za umeme. Nusu Kitabu alifungua gazeti, alilifungua kichwa chini. Mimi nilipuliza mkaa ambao haukuhitaji kupulizwa. Pua alitugeukia mmoja mmoja, nasi, tuliokuwa tumemuahidi asubuhi na jioni, tukashindwa hata siku moja.

Akafungua mdomo. Najua alikuwa na jina la ua tayari. Kisha akaufunga, akaweka kikombe chini.

— Sijui, alisema. Sijui, mke wangu. Sisikii kitu. Tangu mafua yale.

Shemeji akatoa pumzi ndefu, akaketi pale pale kwenye benchi, kwenye matofali ya Breki.

— Ni mafuta ya taa, alisema.

— Nini?

— Nimejipaka mafuta ya taa nyuma ya masikio. Kazini wamenikimbia, mwenye duka amenihamishia uani. Jana nilijipaka siki. Ukanishika bega, ukaniambia nanukia kama asubuhi.

Breki alitoa sauti kama tairi lililotobolewa, akajiziba mdomo kwa kofia.

— Ulijua, alisema Pua.

— Nilijua tangu siku ile ulipokula chakula kilichoungua sufuria zima, ukaomba kuongezwa. Nilikuwa nangoja uniambie. Nikangoja, nikangoja. Nikaona bora nikuulize mbele ya watu, ambapo huwezi kwenda kulala.

— Niliogopa.

— Uliogopa nini?

Pua akatazama mikono yake.

— Kwamba utabaki na mtu wa kawaida.

— Mume wangu, alisema shemeji, wewe unakoroma, unaacha viatu mlangoni, na hujui kukunja shuka. Mtu wa kawaida ninaye siku zote. Kesho hatuendi kazini, tunakwenda kwa daktari. Akisema itarudi, sawa. Akisema hairudi, utaniuliza mimi, nitakwambia. Mbona hao umewauliza?

Hatukujitetea. Nilimmiminia kikombe, nikampa kwa mikono miwili, na lile birika likatoa matone ya mwisho likaisha. Akanywa bila haraka. Alipomaliza akasimama, na Pua akasimama naye, akavirudisha vichupa vyake ndani na kufunga kibanda mapema kuliko siku zote. Aliporudi alisita mbele ya mkewe kama mtu anayetaka kuomba kitu na kuona haya.

— Na mimi je? aliuliza. Tangu mafua yale sijui hata habari zangu mwenyewe. Mimi nanukia nini siku hizi?

Shemeji akamsogelea pale pale njiani, mbele yetu wote, akaweka pua yake shingoni kwa mumewe, akavuta kwa makini kama fundi.

— Kahawa, alisema. Na uongo kidogo. Ukioga utatoka.